Sultani aliyewaletea watu maji ya bomba

Unapofungua bomba asubuhi hapa Babati, mkumbuke Seyyid Barghash bin Said wa Zanzibar.

Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Alishindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, akarejea 1861. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Wakazi wengi walikunywa maji ya visima vifupi katikati ya nyumba, ambavyo uchafu wa vyoo ulivifikia kwa urahisi.

Barghash alitawazwa Oktoba 1870. Baadaye alivuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi mjini, watu wakayachota bure. Alifariki 1888.

Mzazi, somo ni hili: maji salama hupangwa. Mji unapokua, maji ya bomba hugombewa. Basi tenga ya kunywa, yachemshe, yafunike. Maji uliyofulia usiyamwage. Yatumie kumwagia choo. Uliyooshea mboga nyweshea mchicha au miche. Maji yaliyokwisha kutumika yawe na ndoo yake, yenye mfuniko, mbali na watoto. Yasinywewe wala kuoshea vyombo. Ukichimba kisima, kiwe mbali na choo.

Mtoto akiharisha kinyesi kama maji ya mchele, mpe ORS iliyochanganywa na maji safi, endelea kumnyonyesha, na umwahishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho.