Swali la Kandara na jibu la Bildad Kaggia

Kila mwaka ninapowafundisha wanafunzi wangu mnyambuliko wa vitenzi, mimi huwapa kitenzi kimoja wakichambue: kujifanyia. Ni kitenzi kizuri kwa somo. Ndani yake mna mzizi wa kufanya, mna kiambishi kinachomrudisha mtenda kwake mwenyewe, na mna kauli ya kutendea, ile inayoonyesha kwamba jambo limefanywa kwa faida ya fulani. Mtenda na mfaidi ni mtu mmoja. Mwaka huu niliwaeleza, kwa mara ya kwanza, mahali nilipokitoa kitenzi hicho. Nilikitoa katika maisha ya Bildad Mwaganu Kaggia. Nilishangaa kuona kwamba wengi walilijua jina lake kutokana na orodha ya watu sita wa Kapenguria, lakini hakuna aliyejua kilichompata baada ya Uhuru. Nimeona basi niieleze habari hiyo hapa, kwani inawahusu pia wale ambao hawatawahi kuketi katika darasa langu.

Kaggia alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, katika familia iliyokuwa na asili yake Murang'a. Alisoma kiasi cha kumwezesha kuwa karani katika utawala wa kikoloni, kazi iliyoheshimika sana kwa kijana Mwafrika wa wakati ule. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alijiunga na jeshi la Mwingereza, akafika Mashariki ya Kati na hata Uingereza kwenyewe. Kama walivyoona askari wengi wa Kiafrika, aliona kwamba Mzungu ni binadamu kama binadamu wengine, na kwamba nchini mwake Mzungu huyo hufagia, hubeba mizigo na hukosa chakula. Aliporejea mwaka 1946 hakuwa tena yule karani aliyeondoka.

Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa la siasa bali la dini. Alijitenga na makanisa ya wamishenari akaanzisha kundi la Wakristo Waafrika lisiloamriwa na mgeni yeyote, kundi ambalo watu waliliita Dini ya Kaggia. Baadaye akaingia katika vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi, akakiongoza chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara. Huko ndiko alikoshikana mkono na Fred Kubai, na mnamo Juni 1951 wawili hao wakaliteka tawi la Nairobi la chama cha KAU, Kubai akiwa mwenyekiti na Kaggia katibu.

Hapa ndipo tunapouona kwa mara ya kwanza mgogoro utakaomwandama maisha yake yote. Ndani ya KAU mlikuwa na wazee waliotaka kudai haki kwa barua, kwa wajumbe na kwa subira. Mlikuwa pia na vijana wa Nairobi walioamini kwamba subira ilikuwa imefika kikomo, na ambao walikuwa wakilisha watu kiapo kwa siri. Jomo Kenyatta, rais wa chama, alisimama katikati. Alipoilaani Mau Mau hadharani huko Kiambu mnamo Agosti 1952, Kaggia na wenzake walikutana naye wakamtaka apunguze makali ya maneno yake. Serikali ya kikoloni, hata hivyo, haikujali tofauti hizo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 iliwatia mbaroni wote, ikawapa jina moja na kosa moja. Mnamo Aprili 1953 Kenyatta, Kaggia, Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walihukumiwa huko Kapenguria kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani lakini hakuachiliwa. Kaggia hakuupata uhuru wake hadi mwaka 1961.

Mimi ni mtu wa lugha, na ndiyo sababu majina ya makundi ya kisiasa hunishughulisha. Neno wastani lina asili yake katika Kiarabu, na maana yake ni kati. Lakini kati haipo peke yake: ni lazima kwanza mtu achore ncha mbili, na mchoraji ndiye huamua kati itakuwa wapi. Neno kali nalo twalitumia kwa jua, kwa kisu, kwa mbwa na kwa sumu. Mwanasiasa akishaambiwa kwamba siasa zake ni kali, msikilizaji hajiulizi tena kama ni za kweli au za uongo. Hujihadhari tu. Kaggia aliitwa mkali na wakoloni, kisha akaitwa mkali na wenziwe aliofungwa nao. Dai lake lilikuwa ni lile lile: ardhi.

Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kandara kwa tiketi ya KANU, akapewa wadhifa wa kumsaidia Waziri wa Elimu. Ilani ya chama ya mwaka huo iliahidi ujamaa wa kidemokrasia wa Kiafrika. Mashamba ya masetla yalikuwa yameanza kununuliwa kwa fedha zilizotoka Uingereza, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo, kwa mpango wa kuwagawia Waafrika takriban ekari milioni moja. Kaggia aliuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza. Iwapo ardhi ilinyang'anywa bila malipo, kwa nini mwenyewe auziwe? Na yule aliyetoka msituni au kizuizini akakuta shamba lake limeandikwa jina la mwingine, atapata wapi fedha za kulipa mkopo?

Ni haki kuieleza pia hoja ya upande wa pili, kwani haikuwa ya kipumbavu. Kenyatta, Tom Mboya, James Gichuru na wenzao walisema kwamba mashamba makubwa ndiyo yaliyoiletea nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na kwamba kuyatwaa bila fidia kungewafukuza wenye mitaji, kungevunja ahadi zilizowekwa katika Katiba ya Uhuru na kuiacha serikali changa bila senti ya kujengea shule. Walisema kwamba kitu cha bure hakitunzwi. Mtu mwenye akili timamu angeweza kuikubali hoja hii na bado akawa mzalendo. Vivyo hivyo, mtu mwenye akili timamu angeweza kuikataa.

Kilichohitajika ni mjadala. Badala yake yalikuja mashinikizo. Kaggia aliendelea kuwasemea wasio na ardhi, akaonywa kwa barua na Kenyatta mwenyewe, na mnamo Juni 1964 akatoka serikalini. Novemba mwaka huo chama cha KADU kilijivunja na wanachama wake wakaingia KANU, na upande wa wastani ukapata nguvu mpya kutoka kwa watu waliokuwa wapinzani wa chama hadi juzi. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto, aliyekuwa mpangaji hodari wa mrengo wa kina Jaramogi Oginga Odinga na Kaggia, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake jijini Nairobi. Miezi michache baadaye serikali ilitoa Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotoka katika wizara ya Mboya. Neno lilikuwa lile lile la ilani ya 1963, lakini ndani yake mali ya mtu binafsi na mtaji wa kigeni vilikuwa vimepewa viti vya mbele. Miaka miwili baadaye, katika Azimio la Arusha, jirani zetu wa Tanzania walilitumia neno ujamaa kwa maana iliyokuwa karibu kinyume chake.

Ilikuwa katika mwezi wa Aprili wa mwaka huo wa 1965 ambapo Kenyatta alikwenda Kandara, kwa wapiga kura wa Kaggia, na Kaggia akiwapo. Mbele ya umati aliwataja wenzao wa kifungoni. Karumba alikuwa na mabasi yake. Kubai alikuwa na nyumba kubwa na shamba zuri. Kisha akamwelekea Kaggia akamuuliza yeye amejifanyia nini.

Nimelitafakari swali hilo kwa miaka mingi. Hakumuuliza kama alichosema kuhusu ardhi kilikuwa kweli. Hakumuuliza amewafanyia nini watu wa Kandara. Kwa kiambishi kimoja tu, ugomvi wa siasa uligeuzwa kuwa ugomvi wa mali, na umaskini wa mtu ukawa ushahidi dhidi yake. Anayewatetea wasio na kitu huku naye hana kitu alionyeshwa kuwa mvivu mwenye wivu.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Katika mkutano wa Limuru, Machi 1966, cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Odinga kilifutwa, na mahali pake vikawekwa vyeo vinane vya makamu wa mikoa. Kaggia aligombea kile cha Mkoa wa Kati, akashinda. Kura ikarudiwa, na Gichuru akatangazwa mshindi. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu serikalini, chama cha KPU kikazaliwa, naye Kaggia akawa naibu wa kiongozi wake. Katiba ilibadilishwa upesi ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966, KPU ilipata viti 9 kati ya 29 katika mabunge yote mawili. Kaggia alishindwa vibaya huko Kandara. Wale aliowadai ardhi ndio waliomkataa.

Hapa wanafunzi wangu walinyamaza. Mmoja, kijana mwenye akili sana, akasema kwamba hawalaumu watu wa Kandara. Waliona kwamba serikali ndiyo iliyokuwa na mashamba ya kugawa, na mwenye njaa hamfuati aliyefukuzwa jikoni. Sikuwa na jibu la kumpa, wala sidhani kwamba alikosea.

Mwaka 1968 Kaggia alifungwa tena jela, mara hii na serikali aliyoipigania, kwa sababu ya mkutano usiokuwa na kibali huko Nyanza Kusini. Mwaka 1969 aliiacha KPU akarejea KANU, miezi michache kabla ya chama hicho cha upinzani kupigwa marufuku, na baadaye akakubali uteuzi wa kuongoza bodi ya umma. Wako wanaomsuta kwa hilo. Kaggia hakuwa malaika, na mtu aliyekwisha kufungwa mara mbili, akashindwa na kuachwa na majirani, ana haki ya kuchoka. Ila kuna jambo moja ambalo hata mahasimu wake hawakulikana: vyeo havikumtajirisha. Katika uzee wake aliishi maisha ya kawaida, akiendesha mashine ya kusaga mahindi, na hivyo ndivyo alivyokuwa alipofariki tarehe 7 Machi 2005. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa swali la Kandara.

Maisha yake aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1975. Kitabu hicho kinakoma mwaka 1963. Kuhusu ukoloni ameeleza kwa kirefu. Kuhusu ugomvi wa ndani ya chama, ambao ndio uliomvunja, kitabu hakina sura hata moja. Hata chama chenyewe hakikuumaliza ugomvi huo. Kilimfukuza mwenye hoja, hoja ikabaki. Suala la ardhi lilirudi katika kila uchaguzi uliofuata, lilirudi na damu katika Bonde la Ufa mwaka 1992 na mwanzoni mwa 2008, na ilibidi lipewe sura nzima katika Katiba ya mwaka 2010. Sidai kwamba Kaggia angesikilizwa yote hayo yasingetokea. Ninachodai ni kwamba chama kinachowaita baadhi ya wanachama wake wakali na wengine wa wastani, kisha kikapima ukweli wa kila mmoja kwa jina alilopewa, hujinyima nafasi ya kujua nani alisema kweli.

Nimalizie kwa jambo linalonihusu mwenyewe. Mimi nina shahada tatu, na nimefundisha kwa miaka mingi. Nikienda nyumbani likizoni, jamaa zangu huitazama nyumba yangu ya mabati, hulitazama gari langu kuukuu, na kabla chai haijapoa nitaulizwa nimejifanyia nini. Huulizwa kwa upendo. Nami, msomaji wangu, nakiri kwamba huona haya, kisha hujikuta nikieleza habari za kiwanja ninachotarajia kununua. Katika darasa langu hukitoa kile kiambishi cha kujirejelea, nikaweka wa mahali pake, kitenzi kikawa kuwafanyia, na wanafunzi wakakichambua bila taabu yoyote. Nyumbani bado sijaweza kulibadilisha swali hilo, wala sijawahi kumsikia mpiga kura yeyote wa kwetu akilibadilisha anapomtazama mtu aliyekuja kumwomba kura.