A. S. Hornby na Fundisho la Vihusishi vya Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza aweza kuijua maana ya kila neno katika sentensi yake, na hata hivyo sentensi hiyo ikawa na kasoro. Aghalabu kasoro hutokea mahali padogo sana, yaani katika kihusishi kinachofuata kitenzi. Kwa nini mtu husema "accuse of", kisha "charge with", na tena "blame for", ilhali Kiswahili hutosheka na "kwa" katika hali zote tatu, tukisema kumshtaki mtu kwa wizi au kumlaumu kwa wizi? Walimu wengi huulizwa swali hili, na wengi hujibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo, kisha huendelea na somo. Jibu hilo si la uongo, lakini halimwelekezi mwanafunzi afanye nini. Makala haya yanaeleza maisha ya mwalimu mmoja ambaye hakuridhika nalo.

Albert Sydney Hornby alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Chester, Uingereza. Alisoma University College, London, akapata shahada ya Kiingereza mwaka 1922. Mwaka 1924 alikwenda Japani kufundisha katika chuo cha biashara mjini Oita, katika kisiwa cha Kyushu. Alikuwa ameajiriwa kufundisha fasihi, lakini mara alipoanza kazi aliona kwamba haja kubwa ya wanafunzi wake ilikuwa ni lugha yenyewe. Kuwapa mashairi na tamthilia watu ambao bado hawajaweza kuunda sentensi ni kuezeka nyumba isiyo na kuta. Basi Hornby akageukia suala la mbinu za kufundisha lugha, na katika suala hilo akadumu maisha yake yote.

Siku hizo mjini Tokyo palikuwa na taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 1923 na kuongozwa na Harold Palmer, mtaalamu mashuhuri wa fani hiyo. Hornby aliingia katika kazi za taasisi hiyo angali yuko Oita, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akahamia Tokyo ili amsaidie Palmer katika uteuzi wa msamiati unaowafaa wanafunzi. Kazi hiyo ilizaa swali jingine. Mwanafunzi apewapo orodha ya maneno elfu moja, atayaunganishaje? Kila kitenzi kina desturi yake: kimoja hudai yambwa, kingine hukataa, na kingine hakikubali yambwa ila kwa kupitia kihusishi fulani. Mwanafunzi asiyeambiwa desturi hizo hukisia. Huchukua muundo wa kitenzi akijuacho na kukivisha kitenzi kingine chenye maana ya karibu. Makosa yake, kwa hiyo, hayatokani na uvivu. Yanatokana na akili inayotafuta kanuni mahali ambapo haikupewa kanuni.

Palmer alirudi Uingereza mwaka 1936, naye Hornby akaendeleza utafiti. Mwaka 1937, pamoja na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield, alianza kutunga kamusi ya namna mpya. Kamusi za Kiingereza zilizozoeleka wakati huo zilitungwa kwa ajili ya wenye lugha, na mwenye lugha hana haja ya kuambiwa kihusishi gani hufuata kitenzi gani, kwa kuwa alikinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mgeni ndiye mwenye haja hiyo. Hornby alivipanga vitenzi katika miundo 25, akaupa kila muundo namba, na namba hizo zikaandikwa kando ya vitenzi ndani ya kamusi. Kwa njia hiyo mwanafunzi aliyetafuta maana ya kitenzi alipata pia habari ya namna ya kukitumia.

Kazi ya kutunga ilikamilika mwaka 1940, lakini kitabu hakikupata kutoka katika siku za amani. Mwezi Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor, ikaingia vitani na Marekani na Uingereza. Hornby, aliyekuwa ameishi Japani kwa muda wa miaka 17 hivi, akahesabiwa kuwa raia wa nchi adui na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1942 alirudishwa kwao katika mpango wa kubadilishana raia. Mwaka huohuo kampuni ya Kaitakusha iliichapisha kamusi yake mjini Tokyo. Yafaa walimu walitafakari jambo hili. Katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikipigana na Waingereza kilichapishwa kitabu bora cha kufundishia Kiingereza, hali mtungaji wake amekwisha kutengwa na wanafunzi waliomfanya akitunge.

Baada ya hapo Hornby alifanya kazi chini ya British Council, kwanza nchini Irani, kisha London. Mwaka 1946 alianzisha jarida la ufundishaji wa Kiingereza lililoitwa English Language Teaching, ambalo lingali likitolewa. Mwaka 1948 Oxford University Press waliichapisha upya kamusi yake, nayo ikaenea duniani, ikafika hata katika maktaba za shule na vyuo vya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha kueleza miundo ya Kiingereza na matumizi yake. Kamusi ilipomletea mapato makubwa, hakuyakumbatia peke yake. Mwaka 1961 aliunda mfuko wa kuwasaidia walimu wa Kiingereza wa nchi nyingine wapate kujiendeleza. Alifariki dunia mwaka 1978. Toleo la kumi la kamusi yake lilitoka mwaka 2020.

Hata hivyo, heshima tunayompa Hornby isitufumbe macho. Namba zake 25 zilikuwa nzito kwa wanafunzi wengi, nao walisoma maana na kuziruka namba. Toleo la mwaka 1989 liliziacha, likatumia alama nyepesi zaidi. Tuanzalo kulirithi kwake, basi, ni wazo lililozaa namba hizo: kwamba kihusishi ni sehemu ya kitenzi, na hujifunzwa pamoja nacho.

Wazo hilo lina uzito wa pekee kwetu sisi tunaofundisha wasemaji wa Kiswahili. Katika lugha yetu, kazi ya kihusishi mara nyingi hufanywa ndani ya kitenzi chenyewe. Kauli ya kutendea hugeuza "andika" kuwa "andikia", na "kimbia" kuwa "kimbilia", bila kuongeza neno la pembeni. Vitenzi kama "ngoja", "sikiliza" na "tegemea" vimekwisha kubeba ndani yake yale ambayo Kiingereza huyatenga katika "wait for", "listen to" na "depend on". Ndiyo sababu mwanafunzi huviacha vihusishi hivyo. Kwa upande mwingine, husema "discuss about" kwa kuwa tunajadili juu ya jambo, na "arrive to" kwa kuwa mahali pa kufikia hapajatofautishwa katika "fika shuleni".

Mwalimu afanyeje? Kwanza, asiandike ubaoni kitenzi kikiwa uchi. Aandike "depend on" kama neno moja, na alitumie katika sentensi kamili. Pili, wanafunzi watenge kurasa katika madaftari yao na kuvikusanya vitenzi kwa kufuata kihusishi: vya "on" pamoja, vya "for" pamoja, vikiongezwa kila vinapokutwa katika kusoma. Tatu, mwalimu ayaweke makosa yatokayo katika insha, ayapange, na ayarudie kama mazoezi. Nne, kila kamusi ifunguliwapo darasani, mwanafunzi atakiwe kutaja maana na muundo, si maana peke yake.

Hornby alipokwenda Japani alikuwa mwalimu wa kawaida katika chuo kilicho mbali na mji mkuu. Alichokuwa nacho ni wanafunzi waliokosea, na subira ya kuuliza kwa nini wamekosea hivyo na si vinginevyo. Wanafunzi wa namna hiyo hawakosekani katika darasa lolote letu.