Idi Amin: maradhi ya mwili na jina la wazimu

Idi Amin Dada alizaliwa takriban mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa, na ukoo wake ni wa Koboko. Mama yake alikuwa Mlugbara, watu wa Arua na viunga vyake. Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la King's African Rifles akiwa msaidizi wa mpishi. Alikuwa pande la mtu, na kwa miaka mingi alishikilia ubingwa wa ndondi wa Uganda.

Tarehe 25 Januari 1971 alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Mwaka uliofuata aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, amri ambayo hata wengi wetu tunaokizungumza tumeisahau. Makadirio ya waliouawa chini ya utawala wake ni kati ya 80,000 na 500,000.

Magazeti ya ng'ambo yalimwita mwendawazimu. Walikuwapo hata madaktari waliomtajia maradhi ya akili, au kaswende iliyopanda ubongoni, pasipo kumpima. Hakuna ugonjwa wa akili uliothibitishwa hadharani. Jina hilo lilimpunguzia lawama, kwani mauaji yale yalihitaji mipango, magari na watu wa kutii amri.

Walioumia zaidi kwa jina hilo ni wagonjwa wenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wenye skizofrenia wana uwezekano mara 2 hadi 3 zaidi wa kufa mapema, mara nyingi kwa maradhi ya moyo, kisukari na maambukizi. Baadhi ya dawa zao huongeza uzito, wengi wao huvuta sigara, na mgonjwa akilalamikia kifua, huenda akaambiwa ni akili tu inayomsumbua.

Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Watu wa West Nile walilipiziwa kisasi kwa ajili yake, na maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Yeye aliishi Saudi Arabia, akiwa na shinikizo la damu na figo zilizodhoofika. Julai 2003 alilazwa hospitali ya rufaa mjini Jeddah akiwa hajitambui, akahudumiwa kwa wiki kadhaa. Alifariki tarehe 16 Agosti, akazikwa siku hiyo hiyo mjini humo.