Maisha ya Mwalimu Christa McAuliffe (1948–1986)



Juma lililopita sisi wa kelasi ya sita tulijaza karatasi ya kusema kila mutu anataka kusoma nini nyuma ya egzame ya serikali. Wengi waliandika udaktari, wengine sheria, wengine uinjenieri. Mumoja tu aliandika ualimu, na kelasi yote ikacheka. Mimi mukubwa wenu nilicheka pia. Kiisha nilisikia haya, kwa sababu siku zile nilikuwa nikisoma maisha ya mwalimu mumoja mwanamuke ambaye dunia nzima ilimujua. Ndiyo maana ninawaandikia habari zake.

Christa alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tisa 1948 katika muji wa Boston, kule Marekani, akakulia Framingham, karibu na Boston. Alipokuwa angali binti wa masomo, Wamarekani na Warusi walianza kushindana kutuma watu katika anga. Aliona mambo yale yakianza, wala hakuyasahau. Lakini yeye hakusoma fizikia. Alisoma historia, akamaliza kwenye Framingham State College mwaka 1970, na mwaka ule ule akaolewa na Steven McAuliffe. Walihamia Maryland. Huku akifundisha watoto, yeye mwenyewe aliendelea kusoma, na mwaka 1978 akapata diplome ya juu ya ualimu kule Bowie. Nyuma ya pale wakaenda kukaa Concord, muji mudogo wa New Hampshire. Walikuwa na watoto wawili.

Kwenye sekondari ya Concord alifundisha historia, sheria na mambo ya uchumi. Hakupenda historia ya wafalme na wakubwa tu. Alisomesha wanafunzi barua na daftari za watu wa kawaida, akatunga pia kozi yake mwenyewe juu ya maisha ya wanawake wa Marekani. Tena alipenda kutoa wanafunzi inje ya kelasi ili waone jambo kwa macho yao.

Mwezi wa nane 1984, Prezida Reagan alitangaza kwamba raia wa kwanza kusafiri katika chombo cha anga atakuwa mwalimu. Zaidi ya walimu 11.000 waliandika maombi, na Christa kati yao. Katika karatasi yake alieleza kwamba atatunza daftari ya safari, kama walivyofanya wanawake wa zamani waliokwenda na magari ya kukokotwa kutafuta inchi mpya, ili mutu wa kawaida aelewe kwamba anga ni yake pia.

Katika maelfu wale walichaguliwa 114. Mwezi wa sita 1985 waliitwa Washington, wakafundishwa habari za anga na namna ya kuzipeleka katika kelasi zao. Hapa tuangalie vizuri. Mutu mumoja tu ndiye angepanda chombo, lakini wengine hawakurudishwa mikono mitupu. Walirudi kwao wakiwa wajumbe wa elimu ya anga, kusaidia walimu wenzao. Kumbe safari yenyewe ilikuwa sehemu tu ya kazi. Shabaha ilikuwa kelasi.

Tarehe 19 mwezi wa saba 1985 jina la Christa likatangazwa. Mwalimu mwingine, Barbara Morgan wa muji wa McCall, Idaho, alichaguliwa kuwa tayari kuchukua nafasi yake. Mwezi wa tisa wote wawili walikwenda Houston, na pale walimu wakawa wanafunzi tena. Walijifunza namna ya kula, kulala na kujiosha pahali ambapo vitu havina uzito, na namna ya kujiokoa kukitokea hatari. Walipandishwa ndege inayopanda na kushuka kwa nguvu, hata watu ndani wanaelea kwa sekunde chache.

Christa alitayarisha masomo mawili ya kutoa kwa televizyo kutoka angani, kila moja karibu dakika 15. La kwanza lilikuwa la kuonyesha chombo na kazi ya kila mutu ndani yake. La pili lilikuwa la kueleza kwa nini wanadamu wanakwenda katika anga. Tena alitayarisha majaribio ya kupigwa filme juu ya sumaku, sheria za Newton, mimea inayokomea katika maji pasipo udongo, na mengine.

Tarehe 28 mwezi wa kwanza 1986, chombo Challenger kiliondoka Florida na watu saba. Usiku ule ilikuwa baridi kali, barafu ilishika mitambo. Wazazi wa Christa walikuwa pale wakitazama, na wanafunzi wake wa Concord walikusanyika mbele ya televizyo. Nyuma ya sekunde 73 chombo kilivunjika katika moto na moshi. Wote saba walikufa. Christa alikuwa na miaka 37.

Sababu ilikuwa kitu kidogo. Roketi za pembeni ziliungwa vipande vipande, na katika viungo mulikuwa pete za mpira za kuzuia gazi ya moto isitoke. Baridi ilifanya mpira ule kuwa mugumu, haukuziba vema, moto ukapita. Usiku wa mbele ya safari mainjenieri waliojua zile pete walisema kwamba baridi ni ya hatari. Wakubwa hawakuwafuata. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira kama ule, akakitia katika maji ya barafu mbele ya watu wote. Alipokiachilia, hakikurudia umbo lake upesi. Lilikuwa jaribio ambalo mwalimu yeyote angeweza kulifanya.

Lakini kazi ya Christa haikuisha. Mwaka ule ule jamaa za wale saba walianzisha Challenger Center, ambamo watoto wanajifunza kwa kuigiza safari ya anga na walimu wanapata mafundisho. Barbara Morgan alirudia kelasi yake, na mwezi wa nane 1987 haukumuona angani, wala 1997. Alingoja hata mwezi wa nane 2007, miaka 21, ndipo akasafiri. Chombo chake kilibeba mbegu milioni 10 za mrehani kwa ajili ya wanafunzi. Na mwaka 2018, Joe Acaba na Ricky Arnold, waliokuwa walimu mbele ya kuwa wanaanga, walifanya katika anga baadhi ya yale majaribio ya Christa.

Moja kati yao tunaweza kulifanya hapa kwetu hata pasipo labo. Tia alama ya wino mweusi wa bic ya rangi kwenye karatasi inayonyonya maji, kiisha tumbukiza ncha ya karatasi katika maji, alama ibaki juu. Maji yatapanda polepole, na wino mweusi utaachana kuwa rangi mbalimbali. Katika anga pia maji yanapita ndani ya karatasi, kwa sababu ni karatasi inayoyavuta, si uzito.

Wandugu, mimi sikubadilisha karatasi yangu. Niliandika uinjenieri, na ninaomba niwe injenieri anayesema ukweli hata wakubwa wakikasirika. Lakini nilikwenda kwa yule mwenzetu aliyeandika ualimu, nikamwomba musamaha. Injenieri gani, daktari gani hakupita mbele ya ubao wa mwalimu? Juma hili mukimuona, musimucheke tena.

Mukubwa wa wanafunzi, kelasi ya sita