Baekeland: Mkemia aliyegeuza ukoko kuwa pambo la kabati

KABATI nyingi za jikoni na meza za mikahawa zina sura ya mbao ghali, ilhali ndani yake mna vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Sura hiyo ni tabaka jembamba la karatasi zilizoloweshwa katika utomvu wa kemikali, zikakandamizwa kwa joto kali hadi zikashikamana.

Aliyefungua njia ya ufundi huo ni Leo Hendrik Baekeland, aliyezaliwa mjini Ghent, Ubelgiji, Novemba 14, 1863. Baba yake alikuwa fundi viatu na mama yake mtumishi wa nyumbani. Mama ndiye aliyemhimiza kusoma. Kijana huyo alipata ufadhili wa mji wake, akaingia Chuo Kikuu cha Ghent na kutunukiwa shahada ya uzamifu mnamo 1884.

Mwaka wa 1889 alimwoa Celine Swarts, binti ya profesa wake, na wawili hao wakavuka bahari hadi Marekani. Huko Baekeland alivumbua Velox, karatasi ya kuchapishia picha kwa mwanga wa taa bila kungojea jua. Mnamo 1899 George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, aliinunua kwa kitita kilichomtajirisha. Badala ya kustarehe, Baekeland alijijengea maabara nyumbani kwake Yonkers, kando ya mto Hudson.

Wakati huo viwanda vya umeme vilitegemea lakiri itokanayo na wadudu wadogo wa bara la Asia ili kuhami nyaya. Ilikuwa adimu na ya bei ghali. Baekeland alitafuta mbadala, na pia dawa ya kuloweshea mbao laini ili ziwe ngumu.

Tangu 1872 Mjerumani Adolf von Baeyer alikuwa ameona kwamba fenoli ikichanganywa na fomaldehaidi huacha utomvu mzito usiofaa kitu. Wakemia waliofuata waliuona kuwa ukoko wa kuharibu vyombo, wakautupa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baekeland aliufanyia kazi kwa miaka kadhaa, akagundua kuwa siri ilikuwa kudhibiti joto na shinikizo ndani ya chombo kilichofungwa. Mnamo Julai 1907 aliwasilisha ombi la hataza. Februari 1909 aliwatangazia wakemia wenzake jijini New York kuhusu Bakelite, plastiki ya kwanza kutengenezwa kwa kemikali tupu, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni.

Waliouingiza utomvu huo katika tabaka bapa walikuwa wahandisi wawili wa kampuni ya Westinghouse mjini Pittsburgh, Daniel O'Conor na Herbert Faber. Mnamo 1913 waliacha kazi, wakaanzisha kampuni yao mjini Cincinnati kutengeneza vihami vya umeme badala ya madini ya ulanga. Ndiyo maana wakaiita Formica. Muda si muda kampuni ya Baekeland ilikataa kuwauzia utomvu wa kutengenezea tabaka hizo, nao wakalazimika kuutafuta kwa mshindani wake.

Hata hivyo hawakusambaratika. Mnamo 1927 Formica ilipata hataza ya karatasi ya kuficha weusi wa utomvu, hivyo picha ya mbao au marumaru ikaweza kuchapwa juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaongezwa melamini, iliyo angavu na isiyochunika upesi. Kihami cha umeme kikawa pambo la nyumba.

Baekeland aliuza kampuni yake kwa Union Carbide mnamo 1939. Uzeeni alijitenga na watu katika nyumba yake ya Florida, akila vyakula vya mikebe licha ya utajiri wake. Alifariki Februari 23, 1944 mjini Beacon, jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 80.

Sifa iliyompa umaarufu ndiyo inayozua mzozo leo. Utomvu wake ukishagandishwa hauyeyuki tena, na kabati iliyochakaa haiwezi kusubikwa upya kama chuma au kioo. Huishia jaani, mahali wakemia walikoutupa ukoko kabla yake.