Rudyard Kipling: Mzaliwa wa Bombay aliyetunga habari za jasusi mdogo

Wafanyabiashara wa mpakani na ninyi nyote mliorudi kutoka ukimbizini, leo nawaletea maisha ya mtu ambaye wengine wamemsikia kwa hadithi zake za wanyama wa porini, na wengine kwa ubaya, kama mshairi wa ukoloni wa Waingereza. Mtu huyo ni Rudyard Kipling. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa kusini mwa Burundi, na kitabu chake ninachokipenda ni kile cha mtoto mpelelezi aitwaye Kim, kilichotoka mwaka 1901. Kila nikikifundisha, walimu wenzangu huniuliza kwa nini nawapa watoto wetu maandishi ya mkoloni. Swali lao ni la haki, na siwezi kulijibu bila kusimulia maisha ya mtu mwenyewe.

Kipling alizaliwa Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai, tarehe 30 Desemba 1865. Baba yake, John Lockwood Kipling, alikuwa mchoraji na mchongaji aliyekwenda India kufundisha sanaa. Mtoto alilelewa na yaya na watumishi wa nyumbani, akaizoea lugha yao kuliko ya wazazi wake. Jioni alipopelekwa kuwaamkia baba na mama, watumishi walimkumbusha azungumze Kiingereza, naye akakisema kwa kusitasita kama mtu anayefasiri.

Mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka mitano, wazazi walimpeleka Uingereza pamoja na dada yake Trix wa miaka mitatu. Hiyo ilikuwa desturi ya Wazungu wa India, kwa kuogopa magonjwa na kwa ajili ya masomo. Watoto hao waliachwa katika mji wa Southsea, kwa watu wasiowajua waliokuwa wakilipwa kuwatunza, na wazazi wakarudi India. Kipling aliishi humo zaidi ya miaka mitano. Mama wa nyumba hiyo alimpiga na kumtisha kwa moto wa jehanamu, na yeye mwenyewe aliandika uzeeni kwamba siku moja alipelekwa shuleni akiwa amebandikwa mgongoni kibao cha kumtangaza kuwa ni mwongo. Macho yake yaliharibika na hakuna aliyetambua. Mama yake mzazi aliporudi mwaka 1877, akaingia chumbani usiku kumbusu, mtoto aliinua mkono kujikinga na kofi.

Baada ya hapo alisoma shule ya bweni huko Devon. Fedha za chuo kikuu hazikuwapo, na kwa macho yale asingepokelewa jeshini. Basi mwaka 1882, kabla hajatimiza miaka 17, alipanda meli kurudi India kufanya kazi ya gazeti.

Hapa ndipo mimi, mtoto wa wakimbizi wa 1972, humsogelea karibu. Kipling aliposhuka Bombay, kwa harufu na sura za mji ule, alijikuta akitamka maneno ya lugha ya utotoni ambayo maana yake alikuwa ameshaisahau. Ulimi ulikumbuka, akili haikukumbuka. Mimi nilizaliwa na kusomeshwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania magharibi, nikarudi Burundi mwaka 2009 nikiwa mtu mzima. Kwangu ilikuwa kinyume, kwa kuwa Kirundi nilikielewa, lakini kilikuwa kile walichoondoka nacho wazazi wangu, na sokoni vijana walicheka wakasema naongea kama bibi yao. Sijasoma mwandishi mwingine wa Kizungu aliyeandika habari hii ya mtu kuwa mgeni mahali alipozaliwa kana kwamba imemkaa kifuani.

Kazi yake ilikuwa katika mji wa Lahore, ambako baba yake alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa na mtunzaji wa jumba la makumbusho. Kijana alikuwa mhariri msaidizi wa gazeti dogo la Waingereza. Usiku, joto lilipomnyima usingizi, alizunguka katika vichochoro, kwenye maduka ya pombe na nyumba za wavuta afyuni, akisikiliza watu. Alifanya kazi ya gazeti nchini humo kwa miaka saba, akaondoka mwaka 1889 akiwa ameshajulikana kwa hadithi zake fupi. Aliishi Marekani miaka minne, akaandika huko hadithi za Mowgli na wanyama. Mwaka 1899, wakiwa New York, yeye na binti yake mkubwa Josephine waliugua kichomi. Baba alipona. Binti, mwenye umri wa miaka sita, alikufa.

Kitabu cha Kim alikikamilisha baada ya msiba huo, akisaidiwa mawazo na baba yake mzee ambaye pia alitengeneza picha zake. Kim ni yatima wa askari wa Kiairish, mtoto wa miaka kama 13 anayezurura Lahore akiwa amechomwa na jua, akizungumza lugha za sokoni kuliko Kiingereza. Anakutana na mtawa mzee kutoka Tibeti anayetafuta mto wa kumtakasa dhambi, akawa mwanafunzi wake. Hapo hapo mfanyabiashara wa farasi, Mwafghani aitwaye Mahbub Ali, anamkabidhi karatasi ampelekee afisa wa Kiingereza mjini Umballa, akidai ni habari za ukoo wa farasi dume mweupe. Mahbub ni jasusi. Wafanyabiashara wenzetu wa mpakani watanielewa, kwani anayevuka mipaka na mali anajua barabara ipi ni mbovu, mkuu gani anakula rushwa na bunduki zimepita wapi, na serikali zote hupenda kuongea naye.

Safari yenyewe inachekesha. Karani wa stesheni anajaribu kumwibia mtawa kwa kumpa tiketi ya kituo cha karibu tu, Kim anamkamata. Kisha Kim anajinunulia tiketi ya kufika Amritsar peke yake ili abakize fedha, na ndani ya treni anamlainisha mwanamke mmoja wa Amritsar mpaka anamlipia iliyobaki. Mwishowe anapelekwa shule ya Wazungu kwa ada anayolipa mtawa, akafundishwa ujasusi wakati wa likizo. Analetewa sinia la vito, anaviangalia kidogo, vinafunikwa, anatakiwa kuvitaja vyote. Baden-Powell, ambaye alifia Nyeri, Kenya, mwaka 1941, aliuingiza mchezo huo katika mafunzo ya skauti. Mishamo tuliucheza kwa vifungo, misumari na vizibo vya soda, hakuna aliyetuambia umetoka kitabu gani.

Mambo hayo hayakutungwa yote. Mwaka ule ule wa 1865 Waingereza walimtuma mwalimu wa shule, Nain Singh, kupima kwa siri njia ya kwenda Lhasa, mji uliokatazwa kwa Wazungu. Alijifanya mhujaji, akahesabu hatua zake kwa tasbihi ya punje 100 badala ya 108, na maandishi akayaficha ndani ya gurudumu la sala. Kipling alizijua habari za watu wa namna hiyo.

Sasa nirudi kwa wenzangu. Karatasi ya Kim haikuwa ya farasi. Iliwasogeza maelfu ya askari kwenda vitani, na mtoto anaona ni mchezo mtamu. Sisi tuliopitia vita tunajua mtoto wa kutumwa ni nani, na mara nyingi harudi. Kipling hakuliona hilo. Edward Said, Mpalestina aliyeishi Marekani, aliandika mwaka 1993 kwamba Kim hasumbuki moyoni kwa kuwatumikia Waingereza kwa sababu mwandishi mwenyewe hakuona kuna ugomvi wowote. Mimi nakubaliana naye. Ndiyo maana nakifundisha. Mwanafunzi akimpenda Kim kurasa mia mbili, halafu nikamuuliza ile karatasi ilikuwa ya nani, darasa linanyamaza kwa namna ambayo siipati kwa kitabu kingine.

Mwaka 1907 Kipling alipewa Tuzo ya Nobel, wa kwanza kwa wanaoandika Kiingereza. Mwaka 1914 alitumia jina lake mwanawe John, asiyeona vizuri, apokelewe jeshini, na kijana akauawa Ufaransa mwaka 1915 akiwa na miaka 18. Baba alifanya kazi miaka mingi katika tume ya makaburi ya askari, akafa Januari 1936 bila kuliona la mwanawe.

Lakini mwaka 1919, mjini Amritsar, Jenerali Dyer aliamuru askari kupiga risasi umati usio na silaha. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 379. Gazeti moja la London lilipomchangia jenerali huyo fedha mwaka uliofuata, Kipling alitoa pauni 10. Huo ni mji wa mwanamke aliyemlipia Kim nauli.

Mwaka 1947, miaka 11 baada ya kifo chake, India iligawanywa. Lahore ikawa Pakistan, Amritsar ikabaki India, na mpaka ukapita katikati ya miji hiyo miwili, juu ya ile reli aliyopita Kim.