W. Eugene Smith, mpiga picha aliyekesha ndani ya chumba cha giza

Kuipiga foto kulimchukua W. Eugene Smith chini ya sekunde moja. Kuitoa kwenye karatasi ndiko kulikomla siku na usiku. Mmarekani huyo, aliyefariki mwaka 1978, anajulikana duniani kwa foto za vita, za daktari wa kijijini na za wagonjwa wa sumu ya zebaki huko Japani. Lakini waliomjua wanasema maisha yake hasa yalipita ndani ya labo, kwenye taa nyekundu, na mikono iliyobadilika rangi kwa sababu ya dawa.

Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 1918 huko Wichita, katika jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Mgogoro wa uchumi wa miaka ile ulimfilisi, na mwaka 1936 akajiua. Smith alikuwa na miaka 17. Namna magazeti yalivyoandika kifo hicho ilimuuma sana, na karibu aache kazi ya foto kabisa. Hakuacha. Alienda New York, akaingia kwenye gazeti la Newsweek, akafukuzwa kwa sababu alikataa kutumia kamera kubwa waliyotaka wakubwa wake. Tabia hiyo hakuiacha hata siku moja.

Vita ya pili ya dunia ilimpeleka Saipan, Iwo Jima na Okinawa. Mwezi wa 5 mwaka 1945, huko Okinawa, vipande vya bomu vilimpasua mkono wa kushoto na uso. Alikaa miaka 2 akifanyiwa operesheni moja baada ya nyingine. Foto ya kwanza aliyoipiga baada ya kujeruhiwa, mwaka 1946, ni ya watoto wake wawili wadogo wakitoka kwenye kivuli cha miti kuelekea mwangaza. Hiyo ndiyo iliyofunga maonyesho makubwa ya The Family of Man huko New York mwaka 1955.

Kwa gazeti la Life alifanya kazi ambazo wanafunzi wa uandishi wa habari bado wanazisoma: daktari Ernest Ceriani wa Colorado mwaka 1948, kijiji cha Uhispania, na mkunga mweusi Maude Callen wa South Carolina mwaka 1951. Wasomaji walioona foto za mama Callen walituma zaidi ya dola 20,000, na kliniki ikajengwa.

Ili kuelewa kwa nini aligombana na kila mkubwa wa kazi, lazima kuingia naye ndani ya chumba cha giza. Mashini ya kukuza foto, ile ambayo wapiga picha wetu wa zamani waliita agrandiseri, inarusha mwanga kupitia negatifu mpaka kwenye karatasi. Ukitaka foto kubwa, unapandisha kichwa cha mashini juu. Hapo shida inaanza. Ukiongeza upana na urefu mara 2, mwanga uleule unatawanyika kwenye eneo mara 4, kwa hiyo muda wa kuangazia unaongezeka vilevile. Mashini ikitikisika kidogo tu wakati huo, foto inaharibika. Dari likiwa chini, kichwa kinagonga juu kabla foto haijafika ukubwa unaotakiwa. Wenye vyumba vidogo wanajua dawa yake: kugeuza kichwa cha mashini kikatazama ukutani, au kukitoa nje ya meza kikatazama sakafuni, huku jiwe au kitu kizito kikishikilia upande wa nyuma usianguke. Mabeseni ya dawa yanapangwa moja juu ya lingine kama vitanda vya bweni, kwa sababu matatu hayaenei kwenye meza moja.

Smith alikuwa na kipimo kigumu kuliko ukubwa. Alitaka weusi uwe mweusi kabisa, na ndani yake macho na mikono ya watu ionekane. Basi alichapa foto nzito, akizuia mwanga kwa viganja mahali fulani na kuuongeza mahali pengine. Karatasi ikiisha kutoka kwenye dawa, alichukua brashi au pamba yenye dawa ya kupausha, akaangaza shavu, au weupe wa jicho. Akizidisha tone moja, anaanza upya. Muziki ulilia usiku kucha, chupa ya whisky karibu, na vidonge vya kumzuia asilale.

Kuna jambo hapa ambalo waandishi wa habari hawawezi kulipita kimya. Mwaka 1954 alienda Lambaréné, Gabon, ng'ambo ya Congo-Brazzaville, kupiga foto za daktari Albert Schweitzer na hospitali yake. Katika foto moja maarufu, kwenye kona ya chini, unaonekana mkono na mpini wa msumeno kama vivuli. Vilitoka kwenye negatifu nyingine. Smith aliviunganisha ndani ya labo. Leo picha ya namna hiyo ingemfukuzisha kazi. Na mtu huyohuyo aliacha Life, mshahara na jina, kwa sababu wahariri walipanga habari ya Schweitzer bila kumsikiliza. Kwake yeye wao ndio walioharibu ukweli.

Mwaka 1955 aliitwa Pittsburgh kupiga foto 100 kwa wiki 3. Alitoka huko na negatifu karibu 17,000, na kazi hiyo hakuimaliza kamwe. Mwaka 1957 aliacha mke na watoto wanne, akahamia katika jengo bovu la barabara ya Sita huko New York, mtaa wa wauza maua, ambamo wanamuziki wa jazi kama Thelonious Monk walikuja kupiga usiku. Alipiga foto dirishani, akatega mikrofoni sakafuni na kwenye ngazi. Jamaa yake iliishi kwa shida wakati huo, na sifa zake haziwezi kufuta hilo.

Maonyesho yake makubwa yalifunguliwa New York mwaka 1971, foto karibu 600 ukutani. Mwaka huohuo alioa Aileen, wakaenda Minamata, Japani. Walipanga miezi 3, wakakaa miaka 3. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kimemwaga zebaki baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Samaki waliibeba, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa walemavu. Mwezi wa 1 mwaka 1972 watu wa kiwanda walimpiga vibaya huko Goi, macho yakaharibika. Tayari alikuwa amempiga foto Tomoko Uemura akiogeshwa na mama yake, mwanga mmoja ukishuka ndani ya giza la bafu. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliamua Chisso ilipe wagonjwa.

Zebaki ndiyo wachimbaji dhahabu wa Ituri na Kivu Kusini wanayochanganya na mchanga kwa mikono. Ikifika mtoni inageuka ile sumu ya Minamata, na mkataba wa dunia wa kuipunguza, uliopitishwa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la mji huo.

Smith alifariki tarehe 15 mwezi wa 10 mwaka 1978 huko Tucson, Arizona, akiwa na miaka 59. Benki alikuwa na dola 18. Negatifu, karatasi na kanda zake, tani zipatazo 20, ziko kwenye chuo kikuu cha mji huo. Tomoko alifariki mwaka mmoja kabla yake, na mwaka 1998 Aileen aliwapa wazazi wake uamuzi juu ya foto ya bafuni.